Fyuzi na Feni ya Ukumbi Mdogo

Ikifika tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, fundi umeme wa jengo letu atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja kazini, na sheria inasema basi, imetosha, aende nyumbani. Sisi wenzake tunamwita Fyuzi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila fyuzi kwenye mfuko wa shati, hata siku ya harusi ya bintiye. Mimi mtunza stoo ndiye niliyetwishwa kuandika wasifu huu. Mwenyewe ameniagiza niseme yote, ya pombe yakiwemo, na nisizungushe maneno. Haya, asije akanuna.

Alipoajiriwa, jengo lilikuwa na ghorofa mbili na taa za kupepesapepesa. Leo lina ghorofa sita, na hakuna waya ndani ya kuta hizi usiomjua. Amefundisha mafundi wengi, akawagombeza wote, na wote wanampigia simu mpaka leo wakikwama.

Lakini Fyuzi alikuwa mnywaji, tena si wa kubahatisha. Kuna siku aliunganisha taa ya ofisi ya mkurugenzi na kengele ya mlangoni, ikawa kila mgeni akibonyeza kengele, mkurugenzi anabaki gizani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mkurugenzi hakucheka. Alimpa onyo la mwisho, na wiki hiyohiyo mke wa Fyuzi akabeba mto wake, akahamia chumba cha watoto. Akasema atarudi siku atakaposikia harufu ya mume, si ya baa. Hapo Fyuzi akaona maji yamemfika shingoni.

Shemeji yake ndiye aliyemdokeza kwamba kuna watu wanaokutana kila Alhamisi jioni kusaidiana kuacha pombe. Akauliza ni wapi. Kumbe ni humuhumu kwetu, ukumbi mdogo wa ghorofa ya tatu, ambao taa zake alizifunga yeye! Mara ya kwanza alikosea mlango akaingia darasa la wajawazito, na kwa kuona haya kutoka, akakaa mpaka mwisho. Aliondoka akijua kupumua taratibu na kumfunga mwanasesere nepi. Ujuzi huo haukupotea, maana mjukuu wa kwanza alipozaliwa, mtaalamu wa nepi pale nyumbani alikuwa babu.

Alhamisi iliyofuata aliupata mlango wenyewe, ila miguu ikagoma. Mtu mzima aingie aseme ana shida? Akashuka stoo, akachukua ngazi na sanduku la vifaa, akarudi na kuwaambia amekuja kutengeneza feni. Feni ilikuwa nzima. Akapanda, akaifungua yote, akausikiliza mkutano bisibisi ikiwa mdomoni, na watu walipoanza kuagana ndipo akairudishia. Wiki iliyofuata akaja tena, feni ileile. Na iliyofuata. Kwangu alikuwa akiomba grisi kila Alhamisi, nikadhani anapaka kwenye mkate.

Ulikuwa msimu wa joto kali. Wale watu walilowa jasho wakijipepea kwa magazeti, chini ya feni isiyo na kasoro, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamemwelewa tangu siku ya kwanza. Kila wiki waliweka kiti kitupu karibu na ngazi. Mwisho mwenyekiti wao, muuguzi mstaafu, mama asiyependa longolongo, akainua uso na kumwambia, "Fundi, feni imepona zamani. Shuka sasa, tukusikie wewe."

Akashuka. Akawaeleza habari ya onyo na habari ya mto wa mkewe, akalia kama mtoto. Alipomaliza, akaomba ruhusa apande kurudishia feni, maana hajazoea kuacha kazi nusunusu.

Huu ni mwaka wa kumi na mbili hajagusa hata tone. Mto ulirudi chumbani, ingawa mkewe anasema sasa kesi ni kukoroma. Kwenye kikundi yeye ndiye mpika chai, chai chungu ajabu, na wenzake huinywa kwa heshima tu.

Wiki jana alikuja stoo kukabidhi sanduku la vifaa. Akalikalia, hainuki. Nikamtania kwamba anaatamia mayai. Ndipo aliponiambia kwamba miaka yote hii hajawahi kwenda mkutanoni bila sanduku lile mkononi. Anaogopa kwamba akiwa mstaafu, mikono mitupu, hana kazi ya kumwingiza getini, Alhamisi moja atapitiliza mpaka baa ya kituoni. Mtu asiyeogopa umeme anaogopa Alhamisi! Jioni hiyo nikampigia simu yule muuguzi wa kikundi.

Jumatatu tukaletewa taarifa kwamba feni ya ukumbi mdogo imeharibika. Nikapanda kuangalia. Mabawa yamepangwa mezani, skrubu ziko kwenye kisahani cha chai, na yule muuguzi ameketi chini ya feni anajipepea, bisibisi mapajani wala haifichi. Nani alipanda ngazi, sikuuliza. Akasema feni hii ni korofi, haiwataki mafundi vijana, na kwa anavyoiona, itakuwa inaharibika kila Alhamisi.

Basi, Fyuzi, asante kwa kutuwashia taa miaka yote hii. Stoo imekataa kupokea sanduku lako, na mlinzi wa getini ameshaambiwa. Tunakutakia maisha mema na marefu, wewe na mama watoto. Ila Alhamisi usichelewe, watu wanatoka jasho.