Mzee Sufuria na Ukuta Wake wa Mawimbi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Mzee Sufuria anaiacha meza ya kupanga njia za meli. Wageni wa ofisi hudhani jina hilo limetokana na tumbo lake. Hapana, jamani!

Alipoajiriwa alipewa kazi ya kuandika hali ya mawimbi ya kila njia, mwezi kwa mwezi. Akawauliza manahodha. Wote wakasema bahari ilikuwa shwari, maana nahodha gani atakiri kwamba alitetemeka? Basi akaanza kupanda melini na kwenda moja kwa moja jikoni, akiwauliza wapishi ni sufuria ngapi zimemwagika. Mpishi hasahau mchuzi wake! Leo ramani zake kumi na mbili, Januari hadi Desemba, zimejaza ukuta mzima: njia za sufuria moja, za sufuria tatu, na zile za sufuria sita alizozipaka rangi nyekundu. Tuna kompyuta siku hizi, lakini mkuu wa idara bado huchungulia ukuta ule kwanza, akidhani hatumwoni.

Mwaka huu nilimpa kadi ya harusi yangu. Hakusoma majina, alisoma tarehe, kisha akainuka kwenda kutazama ramani ya mwezi huo. Mchumba wangu, mpishi wa meli, alikuwa afike Alhamisi kwa njia fupi, nayo ilikuwa nyekundu tupu. Harusi ni Jumamosi! Mzee akachora njia ya kuzunguka kusini, ndefu kwa siku moja na nusu. Nahodha akalalamika redioni kwamba anatembezwa kama mtalii. Mimi nikaenda kulia chooni.

Kumbe meli nyingine iliyokatiza njia fupi ilipigwa na mawimbi, ikajificha ghubani siku tano. Yetu ilifunga gati Ijumaa jioni. Mpenzi wangu akashuka akinukia vitunguu, mzuri ajabu, na hakuna kilichomwagika. Mzee aliandika sifuri kwanza, ndipo akatupongeza.

Wiki iliyopita alichora njia yake ya mwisho. Mume wangu yuko katika njia hiyo sasa hivi, anafika Alhamisi, na gauni la kumpokea nimeshalipiga pasi.

Mzee wetu, asante kwa wote uliowarudisha nyumbani. Tunakuombea wewe na mama mapumziko marefu, yenye afya na vicheko tele.