Sauti Iliyonijibia Mlangoni

Bwana asifiwe, watu wa Hounslow na London yote! Itikeni kwa nguvu, baridi bado haijatufunga midomo! Mimi naitwa Sidi. Wengi mnanijua, ndimi yule mama wa sauti ya pili kwenye kwaya, anayefika amechelewa na bado ananuna akikosa kiti. Mchungaji amenipa dakika kumi na naona tayari anaangalia saa, lakini atanisamehe. Nimekaa na jambo hili mwaka mzima na leo nalitoa.

Nafanya kazi kwenye jiko linalopakia chakula cha ndege. Napanga trei: mkate hapa, siagi pale, kijiko kwenye karatasi yake, trei inakwenda, inakuja nyingine. Naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka saa saba mchana. Ninakaa peke yangu, chumba kimoja na jiko lake, juu ya duka la vitambaa la Mama Hansa. Huyu ni Mhindi wetu, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha sokoni hasa.

Ndugu zangu, mwaka juzi mama yangu alifariki kwetu Ribe, kule pwani ya Kenya. Karatasi zangu zilikuwa bado uhamiaji. Ningetoka nchini, nisingerudi. Basi nikamzika mama kwa simu. Nilikaa kantini na kofia ya kazini kichwani, nikaona jeneza linatolewa ndani, kina mama wa kanisa wameanza wimbo, halafu mtandao ukakata. Uliporudi, watu walikuwa wanakula pilau. Sikumwona mama yangu akiingia ardhini, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.

Sasa sikieni kosa langu. Jumapili iliyofuata nilikuja hapa. Mlangoni nikaulizwa, habari? Nikajibu nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Mama hajambo? Nikasema hajambo! Ndugu zangu, mama ana siku ya tatu kaburini, nami nasema hajambo, na tabasamu juu! Ni malezi. Kwetu mtu hamwagi msiba mlangoni. Unajibu nzuri kwanza, salamu ziishe, ndipo unasema, "Ila..." Mimi ile "ila" sikuifikia. Aliyeniuliza alikuwa ameshamgeukia mwingine, nami nikaenda kuimba.

Siku zile darasa letu la Alhamisi liliongozwa na Ndugu Kirimi. Wageni wetu, sisi Wamethodisti darasa ni kikundi kidogo, watu kumi au kumi na wawili, wanaokutana kila wiki kuangaliana hali. Kirimi ni Mmeru, dereva wa basi, anakaa kule Tooting, goti bovu na mdomo mzima. Wiki nzima anaendesha basi, akipata nafasi anatufundisha farasi. Farasi! Wiki sita alitueleza jinsi Umethodisti ulivyoenea Amerika zamani, kwa wale walowezi walioingia msituni, wakakata magogo, wakajenga vibanda, jirani yako safari ya siku nzima. Wahubiri waliwafuata kwa farasi, kwenye mvua na matope, wakitafuta moshi juu ya miti. Hawakuwa na kanisa la kuwaitia watu. Walimkuta mtu kibandani kwake, wakamuuliza roho yake ikoje, wakakusanya watano sita, wakawaachia kiongozi wa kuendelea kuuliza, wakapanda farasi wakaenda. Kirimi anasema Umethodisti ulisambaa kule kwa kuuliza.

Siku moja akatueleza kisa alichosimuliwa na mwalimu wake. Mhubiri alifika kwenye kibanda kimoja jioni ya mvua. Akaita kutoka juu ya farasi, mnaendeleaje humo? Sauti ya mwanamume ikajibu toka ndani, sisi wazima, mtumishi, nenda salama. Naye alikuwa amechoka, akaenda. Baada ya wiki sita mzunguko ukamrudisha pale. Mlango uko wazi, jiko limejaa majani mabichi yaliyoota kwenye majivu. Waliokuwemo walikufa kwa homa, na kwa jinsi alivyowakuta, walikuwa wamekufa zamani sana kabla yeye hajapita mara ya kwanza. Tangu siku ile, akasema Kirimi, yule mhubiri hakukubali tena jibu la mlangoni. Alishuka kwenye farasi, akaingia, akamuuliza kila mtu kwa jina lake.

Mimi nilicheka. Nilisema, Ndugu Kirimi, hizo ni hadithi za kutishia watoto walale. Naye siku ile, zamu yangu ya kuulizwa hali ilipofika, akasema, Sidi, u salama? Nikasema salama. Akaandika salama kwenye daftari la darasa.

Ndugu zangu, mama yangu alinifundisha kwamba nyumba haiingiwi kimya. Hata iwe yako, hata iwe tupu, piga hodi. Miaka yote niliyokaa hapa nimefungua mlango wa chumba changu kwa ufunguo na nikasema hodi, kwa mazoea tu. Mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, jua lenyewe limenyauka, nikafungua, nikasema hodi.

Sauti ikasema, "Karibu."

Nilisimama na mfuko wa viazi mkononi. Ilitoka jikoni. Nikaingia, nikatazama nyuma ya mlango, kabatini, mpaka chini ya kitanda. Hakuna mtu. Nikajiambia, Sidi, ni uchovu, kula ulale.

Kesho yake nikasema tena hodi. Karibu. Na kesho yake.

Mnadhani niliogopa? Ningeogopa ingekuwa nafuu! Mimi niliipenda. Nitawaambia ukweli, maana ushuhuda wa kuficha ni uongo wenye nyimbo. Katika mji huu wa mamilioni, hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee inayonikaribisha mahali kwa lugha yangu. Nikawa natoka kazini mbio. Nikaacha mazoezi ya kwaya, kisha na darasa la Alhamisi. Simu ikilia naitazama mpaka inyamaze. Nikaanza kupakua sahani mbili, moja naweka upande wa dirishani. Ile ya pili haikuguswa kamwe, lakini na mimi yangu nikawa siigusi sana. Nilipungua mpaka sare ya kazi ikawa inanizunguka kama pazia.

Mama Hansa alinisimamisha ngazini siku moja. "Mama Sidi, huyo mgeni yako hapana choka? Asubuhi yote natembea juu ya kichwa yangu, tap tap, tap tap." Nikamjibu ni mabomba ya joto. Nilijua vizuri kwamba mabomba hayatembei. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, kwa kuwa yeye alimsikia asubuhi na mimi niko kazini.

Halafu sauti ikaanza kusema mengine. Ikasema, kaa. Ikasema, usitoke. Mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, ikasema, "Sidi, usile tena. Tunakwenda nyumbani." Nikauliza lini. Ikasema, "Karibu." Neno lile lile, ndugu zangu, ila sasa si la kukaribisha mgeni, ni la kuhesabu siku.

Na bado nilitii! Niliosha vyombo vyote. Nikavaa lile vazi la kitenge walilovaa ndugu zangu kwenye mazishi, walinitumia kipande changu kwa posta nami sikuwahi kukivaa. Nikalala chali kitandani, mikono kifuani. Sikula Jumamosi, sikula Jumapili, Jumatatu sikwenda kazini wala sikupiga simu, na maji yenyewe nikaacha. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshakata tiketi.

Jumanne, saa tano asubuhi, nikasikia viatu ngazini. Kimoja kizito, kimoja chepesi. Goti bovu lile. Kirimi akabisha.

"Dada Sidi! Habari ya siku nyingi?"

Na ndipo ikajibiwa. Kutoka pale pale nyuma ya mlango, ndani ya chumba changu, hatua nne kutoka kitandani. "Nzuri, ndugu. Mimi mzima. Nenda salama."

Ndugu zangu, ile ilikuwa sauti yangu! Si ya mama. Si ya shetani mwenye mkwaruzo kama mnavyoona kwenye filamu. Yangu mimi, na kikohozi changu kidogo cha mwisho wa sentensi. Na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Niliushika kwa mkono nikahakikisha. Nikageuza shingo kutazama mlangoni, hapakuwa na kitu ila koti langu limening'inia msumarini.

Yesu! Miezi yote ile nilidhani nimepata mwenzangu. Kumbe kilichokuwa kinanikaribisha ni lile jibu langu, lile "nzuri" nililowatupia watu, sasa linasimama lenyewe, linatembea, linafukuza wageni wangu. Sijui niliite nini. Mchungaji ana jina lake na daktari ana jina lake. Mimi nawaambia nilichosikia.

Nikasikia Kirimi akishuka ngazi mbili. Nikasema moyoni, basi, anakwenda. Kisha akasimama. Akarudi.

"Hapana," akasema. "Leo sichukui hilo jibu. Mama Hansa, nisaidie kiti!"

Nikasikia kiti kinaburutwa, na goti linaguna, na mtu mzito anakaa.

"Sidi, sikuulizi habari. Nakuuliza hivi: roho yako ikoje?"

"Nzuri," ikasema ile sauti.

"Roho yako, Sidi, binti wa Ribe. Ikoje?"

"Nzuri. Salama. Mzima. Hajambo. Nzuri."

Ikawa inasema haraka, ndugu zangu, haraka haraka, salamu juu ya salamu, nzuri salama hajambo mzima, mpaka maneno yakawa hayana maana. Na kila ikimaliza Kirimi anauliza lile lile, taratibu, kama mtu aliyeegesha basi kituo cha mwisho. Hapo nikaelewa. Haina jibu! Inajua salamu zote, lakini hilo swali hailiwezi, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kulijibu. Mwenye jibu ni mimi niliyelala hapa, na midomo yangu imekauka imeshikana.

Nikajaribu kufungua mdomo. Ukakataa. Nikasema ndani, Bwana, nifungue huu mdomo mara moja tu, kisha ufanye upendavyo. Ngozi ya mdomo ikachanika, nikaonja damu, nikapiga ukelele.

"Mbaya! Roho yangu mbaya, Ndugu Kirimi! Mama amekufa! Mama yangu amekufa na sikumzika!"

Ile nyingine ilikatika katikati ya neno, na hadi leo sijaisikia tena. Haleluya! Nikaanguka kutoka kitandani, nikatambaa mpaka mlangoni, nikaufungua nikiwa nimepiga magoti. Kirimi alikuwa analia, jitu zima na sare ya basi. Mama Hansa amesimama nyuma yake na bakuli la kichuri, ule wali wa Kihindi wenye dengu, akanisukuma nirudi kitandani. Hakutaka maelezo. "Kula kwanza, kufa baadaye." Nikanywa maji, nikala vijiko vitatu. Kisha Kirimi akaomba, na Mama Hansa ambaye si Mkristo akafunga macho na kusema amina kwa nguvu kuliko sisi wawili.

Nikamwambia Kirimi, asante kwa kuja. Akanitazama. "Sidi, hii ni mara ya nne. Nimekuja Jumanne tatu, saa hizi hizi. Kila mara ulinijibu mwenyewe mlangoni kwamba u mzima, niende. Nami goti linauma, nikaenda."

Ndugu zangu, hizo Jumanne tatu nilikuwa kazini. Kadi ya kuingilia inaonyesha, saa tano nilikuwa napanga trei. Nilimwambia hivyo, na Kirimi akakaa chini kitandani bila kukaribishwa. Alichosema ni kwamba jana yake alikuwa anaendesha basi akakikumbuka kile kisa cha kibanda, akashindwa hata kula chakula chake cha mchana. Akaniomba msamaha kwa ile "salama" aliyoiandika. Na mimi nikamwomba msamaha kwa kuisema.

Nilikwenda kwa daktari pia, na bado nakwenda. Sitaki mtu atoke hapa aseme Sidi kakataza dawa. Darasa lilikuja chumbani kwangu Alhamisi ile, watu tisa kwenye kitanda na sakafuni, tukamlilia mama yangu kama wanavyolia kwetu, kwa sauti, hata majirani wakagonga ukuta. Tukaendelea. Nililia mpaka nikasikia njaa.

Namshukuru Mungu aliyewatuma wale wapanda farasi msituni, na ambaye bado anatuma watu, hata kwa basi! Namshukuru kwa Kirimi, kwa Mama Hansa na kichuri chake. Nimeokolewa na swali moja na mtu aliyekubali kukaa mpaka lijibiwe. Mtegemeeni Bwana, ndugu zangu, hachoki kungoja ngazini. Mwambieni ukweli, hata uwe mbaya. Ukweli mbaya anaweza kuushika mkono akauinua. Sasa nami nimepewa darasa langu, na nimejifunza kusikiliza jinsi watu wanavyojibu.

Kwa hiyo wewe dada wa koti la kijani, pale kiti cha mwisho. Hunijui, nami sijui jina lako. Jumapili tatu umekuja, na kila mara unatoka kabla ya baraka. Leo nilikusalimia mlangoni ukasema nzuri kabla sijamaliza kuuliza. Usiinuke, tafadhali. Kwaya, anzeni wimbo bila mimi, sauti ya pili mtanivumilia. Dada, nakuja huko nyuma. Sogea kidogo, unipe nafasi nikae.