Waliyonitilia Katika Maziwa

Asifiwe Mungu aliye hai, ndugu zangu! Itikieni vizuri, msiitikie kama watu walioletwa hapa kwa nguvu. Asifiwe tena! Haya, hapo sawa. Mimi ni Rael, mama yake Chebet, wa pale juu ya kituo cha majani chai. Pasta amenipa dakika chache tu. Pasta, nisamehe mapema, kwa sababu jambo hili nimelibeba kifuani tangu ile mvua ya El Nino, na leo sitarudi kwenye benchi kabla halijaisha.

Nataka kushuhudia vile Mungu aliniokoa. Aliniokoa kutoka kwa ugonjwa wa tumbo, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo, ndugu zangu wapendwa, aliniokoa kutoka kwenu! Mnacheka? Chekeni. Mimi wakati ule nilikuwa nimelala kwa godoro nikihesabiwa miongoni mwa wafu.

Wengi wenu mnanijua. Kabla ya mvua ile nilikuwa mwanamke mwenye nguvu. Nilikuwa nakamua ng'ombe, napeleka watoto shule, naingia shambani kuchuma majani, na lori la majani likichelewa nasimama pale kituoni na kikapu changu bila kulalamika. Halafu mvua ikanyesha mpaka barabara zikakatika. Maji machafu ya njiani yakaingia kwenye chemchemi yetu kule bondeni, na sisi tukaendelea kuchota na kunywa, tena bila kuchemsha, kwa sababu kuni zote zilikuwa zimelowa. Hapo ndipo tumbo langu lilipoanza. Nikila, linajaa. Nisipokula, linakata. Mara limefunga, mara limefunguka.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mtu mmoja. Mmoja tu! Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa kinajua habari za tumbo la Rael. Na nyinyi mnajua vile tulivyo. Mtu akisema kichwa kinamuuma, ataambiwa pole. Akisema mguu, ataambiwa pumzika. Lakini akisema tumbo, ndugu zangu, kila mtu anakimbia nyumbani kwake kuleta kitu cha kunywa!

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wangu, Kogo, nyanya ya watoto wangu. Kogo, usiinamishe kichwa, tulishakubaliana kwamba nitasema. Kogo alikuja na mizizi. Aliichemsha mpaka maji yakawa meusi, akasimama juu yangu na kikombe. Sasa niambieni, ni nani kati yenu anayeweza kumkatalia mama wa bwana yake kikombe alichokichemsha kwa mkono wake? Nilikunywa. Uchungu wake ulinikaa mdomoni hadi siku iliyofuata.

Wa pili alikuwa Dada Ruth, kiongozi wetu wa akina mama. Dada Ruth alikuwa ametoka semina huko Kericho, na alirudi na mikebe ya unga wa kijani. Akaniambia, "Rael, hii ni ya kusafisha utumbo. Ni ya asili kabisa, haina kemikali, haiwezi kukudhuru." Ya asili! Hilo neno nimelichoka, ndugu zangu. Nyoka ni wa asili. Moto ni wa asili. Ile mvua iliyobomoa daraja letu haikutengenezwa kiwandani!

Nilikunywa unga wa kijani pia. Nikaharisha. Nikamwambia Dada Ruth, naharisha. Akapiga makofi! Akasema, "Bwana asifiwe, uchafu unatoka!" Nikaharisha damu kidogo. Akasema huo ni uchafu wa zamani. Nikaishiwa nguvu ya kutembea. Akasema mwili unapigana. Jamani, kuna kitu gani ambacho kingenipata na mtu huyu akakubali kwamba naumwa? Kama ningekufa angesema nimesafishika kabisa.

Na bwana yangu, Baba Chebet, mtu mpole ambaye hata mbwa hajawahi kumpigia kelele, naye alienda mnada wa ng'ombe Siongiroi. Alikwenda kuuza ndama. Akarudi na chupa. Alikutana huko na mtu ametandaza mkeka, amepanga magome ya miti na chupa za maji ya rangi ya kutu, na mtu huyo akamwambia kwamba tumbo la mke wake limejaa nyongo. Hajawahi kuniona! Yuko Siongiroi, mimi niko huku, na nyongo yangu ameshaiona!

Mwishowe nilichoka. Nililia, nikawaambia wote, mizizi sitaki, unga sitaki, chupa sitaki. Kuanzia leo sitaweka kitu mdomoni isipokuwa mursik yangu. Maziwa peke yake.

Ndugu zetu mliotoka upande wa Kisii, mnaijua mursik kwa kuonjeshwa tu, basi niwaeleze. Maziwa yanachemshwa, yanapoa, yanamiminwa kwenye kibuyu ambacho ndani kimepakwa mkaa wa mti wetu, halafu yanakaa mpaka yaive. Yakitoka yana rangi ya kijivu na ni machachu. Tumbo letu limezoea hayo tangu utotoni, na mtu asiyeweza kula chochote kingine bado anaweza kumeza kikombe chake. Na kwetu mgonjwa anatengewa kibuyu chake mwenyewe. Hakuna mwingine anayekigusa kwa kinywa. Ni heshima kwa mgonjwa. Sikilizeni hapo vizuri, kwa sababu heshima hiyo karibu initie kaburini.

Basi nikawa nakunywa mursik peke yake. Na badala ya kupona, nikazidi! Nilikuwa nakunywa asubuhi, ikifika saa sita nashikilia ukuta kwenda chooni. Macho yakaingia ndani. Pete ikaanguka kidoleni. Chebet, binti yangu mkubwa, akaacha shule ili alee wadogo wake, na yule wa mwisho, ambaye hata kutembea alikuwa hajatembea vizuri, akaanza kumwita Chebet mama. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko tumbo. Nilikuwa nalala pale namsikia mtoto wangu anamwita mwingine mama, na sina nguvu ya kuitikia.

Akina mama mkaja kunitembelea. Asanteni kwa kuja. Lakini ni nani aliyewachagulia zile nyimbo? Mliimba za kuvuka, mkaimba za makao ya juu, mkaimba za kuonana tena asubuhi ile. Niko hai! Nimefumbua macho nawatazama! Na mmoja wenu, simtaji lakini yuko karibu na dirisha, aliuliza kwa sauti ya chini kama sufuria kubwa ya kanisa bado iko kwangu, maana huenda ikahitajika.

Usiku huo niliomba maombi ambayo sijawahi kufundishwa. Nilisema, "Baba, ama unichukue, ama unizuilie watu wako. Siwezi tena." Sikusema hata amina.

Kesho yake trekta ya majani ilipita ikielekea barabara kubwa. Lori lilikuwa limekwama kwa sababu ya matope, ndiyo maana trekta ilikuja, na mimi nasema lile tope lilikuwa na kazi yake. Baba Chebet akanifunga blanketi akanipandisha juu ya magunia, na tukafika hospitali ya misheni. Nikawekewa maji ya mshipa. Wakanipima, wakaona nina amiba, wakanipa tembe. Ndugu zangu, baada ya siku chache nikakaa kitandani! Nikanywa uji. Nikaomba chumvi! Nesi alicheka, akasema mgonjwa akianza kulaumu chakula, amepona.

Halafu Kogo akaja kunitazama. Na kwa upendo wake, akaniletea kibuyu changu kutoka nyumbani.

Nilikunywa kikombe kizima kwa furaha. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimerudi nilikotoka, na zaidi. Shuka zikabadilishwa mara nyingi hata nikaona aibu kumtazama nesi. Maji ya mshipa yakarudishwa. Na Mungu, ambaye nilidhani hakunisikia, akamleta daktari wa zamu, dada mmoja mwembamba asiye na mchezo. Aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia uji wenu, na maziwa ya nyumbani. Akakiona kibuyu. Akakifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye bakuli jeupe. Chini ya yale maziwa kukabaki kitu cha kijani, na kitu kingine kama vumbi la magome.

Siku hiyo walikuwa wamekuja wote watatu, Kogo, Baba Chebet na Dada Ruth, wamesimama kando ya kitanda. Daktari akawageukia.

"Hii maziwa iko na nini ndani?"

"Ni maziwa tu," Kogo akasema.

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Iko na nini?"

Halafu Kogo akasema polepole, "Niliweka maji ya mizizi. Kidogo tu. Alikuwa amekataa kikombe, sasa ningefanya nini? Nimwache afe?"

Dada Ruth akaruka. "Kogo! Kumbe wewe ulikuwa unamtilia mizizi? Mambo ya giza, kwa mtu aliyeokoka?"

"Na wewe hii ya kijani ni ya nani?" daktari akamuuliza.

Dada Ruth akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakukuwa na kitu. Akasema, "Nilikuwa napita tu kwa maombi. Nilikuwa naweka kijiko kimoja. Hicho tu anakubali kunywa."

Basi mimi nikamgeukia Baba Chebet, mume wangu, ili aone aibu ya hawa wanawake wawili. Nikamkuta anatazama dari.

"Hata wewe?"

"Mama Chebet," akasema, "ile chupa ya Siongiroi ingeharibika bure."

Ndugu zangu! Watatu! Kila mmoja anaingia kwa mlango wa nyuma anafungua kibuyu changu, anatia chake, anafunga, anaondoka akijua amenisaidia! Na maziwa yenyewe ni ya kijivu na machachu, yanaficha kila kitu. Na kwa kuwa ni kibuyu cha mgonjwa, hakuna mwingine aliyeonja akagundua. Nilikataa dawa tatu nikakimbilia maziwa, na zote tatu zikanifuata ndani ya maziwa! Nilicheka, nikalia, nikawatukana kidogo, Mungu anisamehe. Daktari akasema, "Tumbo la huyu mama halina uchafu. Amiba tungemaliza zamani. Nyinyi mmemharisha mpaka karibu afe." Kisha akakiweka kibuyu mikononi mwa Kogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kogo alitoka nacho nje. Nilisikia anakivunja kwenye ukuta. Kibuyu hicho alikuwa amenipa yeye mwenyewe siku niliyoolewa. Akarudi, akakaa sakafuni kando ya kitanda changu, na hakuna aliyeweza kumwinua mpaka wakati wa wageni ulipokwisha.

Nilimaliza tembe zangu zote. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu kutoka barabara kubwa. Siku nyingi baadaye, nilipokuwa nakula vizuri, Kogo alikuja na kibuyu kipya. Alisimama mlangoni, kwanza hakuingia. Akamimina kikombe mbele yangu, akanywa yeye. Akampa Chebet, akanywa. Kisha akanimiminia mimi. Nilikunywa, ndugu zangu, na yalikuwa maziwa matupu. Sisemi maziwa yaliniponya. Mungu aliniponya, kwa mkono wa yule daktari. Lakini yalinirudishia hamu ya chakula, na yalinirudishia mama mkwe wangu.

Sisemi pia kwamba miti ya Mungu ni mibaya. Kogo amelea watoto wengi kwa miti hiyo, nami sitamdharau. Nasema mgonjwa aulizwe. Akikataa, asikilizwe. Na daktari aambiwe kila kilichoingia mdomoni, chote, bila kutazama dari.

Sasa kwa nini nasema haya leo? Kwa sababu kuna mama mmoja wa kanisa hili ambaye hayuko kwenye nafasi yake. Mnamjua. Ni tumbo. Ijumaa nilienda kumwona, na kando ya kitanda chake stuli imejaa mpaka hakuna pa kuweka kikombe. Kuna chupa, kuna mikebe, kuna kitu kimefungwa kwa karatasi ya sukari. Akanishika mkono akaniambia, "Rael, nikatae ya nani? Wote ni watu wangu."

Nililia njia nzima ya kurudi.

Kesho asubuhi Kogo na mimi tunampeleka hospitali. Yeye mwenyewe Kogo ndiye aliyesema. Anayempenda mama huyo, aende akamkamulie ng'ombe. Amchumie majani yake yasikomae shambani. Awapikie watoto wake. Na wewe uliye mgonjwa unanisikia hapa, mtumaini Mungu. Anasikia hata maombi yasiyo na amina. Sema hapana kwa wapendwa wako, Mungu hataona ni dhambi.

Pasta, namaliza. Simameni, ndugu zangu, tumwombee mama yetu. Mwinulieni Mungu mikono, na leo, tafadhali, iwe mitupu.