Mzee Ludovick Temba na Sanduku la Chuma Lililomeza Mtandao

Kabla sijamfikia mstaafu, wasomaji mjue kwanza kalamu iko mkononi mwa nani. Mimi ni Arnold, fundi wa kompyuta, simu na chochote chenye taa katika kampuni hii. Kuanzia hapa Ngarenaro mpaka mgongoni mwa Mlima Meru hakuna ruta isiyonijua. Nikipita zinaniamkia shikamoo, nami nikiwa na nafasi naitikia marahaba. Shule niliishia kidato cha pili, baada ya shule yenyewe kuona haina jipya la kunifundisha. Kwa hiyo alipotafutwa mtu wa kuandika kijitabu hiki cha sherehe, Keval wa uhasibu alinitazama, akatazama dari, akanitazama tena. Akasema, “Haya, andika wewe. Ila usijiandike mwenyewe.” Nimejitahidi.

Mzee Ludovick Temba, fundi mkuu wa karakana ya Tarlochan na Wanawe, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alishuka hapa mwaka 1991 akitokea Kibosho, enzi za baba yake Bwana Tarlochan, bosi wetu wa sasa, akapewa kazi ya kubeba nondo. Mimi wakati huo sikuwa hata wazo. Kutoka kubeba akaingia kukata, kutoka kukata akaingia kuchomelea, na leo ukitembea mtaa wowote wa Engutoto ukaona geti zito ambalo mtoto analisukuma kwa kidole kimoja, usiulize. Ni lake.

Geti la Mzee Ludo halitoki karakana bila mtihani. Anapanda juu yake, ananing'inia kwa mikono miwili mbele ya mwenye mali, na buti zake, na tumbo lake, na aproni yake, kisha anaagiza geti lisukumwe huku na huku naye akiwa juu kama koti kwenye msumari. Likilia hata kidogo, linarudi mezani. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilidhani mzee wa watu amepandwa na kitu kichwani, nikakimbilia maji. Akaniambia kutoka huko juu, “Weka maji chini, kijana. Sukuma.”

Mbao hazipendi. Mbao, anasema, ni ugali wa mchwa. Kitu cha maana kinatengenezwa kwa chuma, basi.

Na kila Ijumaa asubuhi, jua liwake au masika yamwagike, Mzee Ludo anazunguka na kopo la grisi akilainisha bawaba za kampuni nzima. Geti kuu, stoo, ofisi, choo cha wanaume, choo cha wanawake baada ya kubisha hodi. Kila mlango anaupaka na kuuacha wazi mpaka karibu na chakula cha mchana, maana kwake grisi lazima ipate hewa. Wateja wa Ijumaa wameshatuzoea. Wanatukuta tuko wazi kama nyumba inayohamwa.

Sasa nieleze kisa cha mwaka huu, ambacho mpaka leo nikikikumbuka mdomo unabaki wazi.

Wakati wa sikukuu za Desemba, sisi tukiwa makwetu, mwizi aliingia ofisini akachukua ruta yetu ya waifai. Kitu kimoja tu! Kaacha mashine za kuchomelea, kaacha nondo, kaacha hata redio ya mlinzi. Bwana Tarlochan akanunua ruta mpya, nikaifunga mimi kwenye ukuta wa korido, na Mzee Ludo akaja akaitazama kwa huruma kama mtu anayetazama kifaranga barabarani. Akasema, “Hiki hakiibiwi tena.”

Wiki ile ile akaleta sanduku. Jamani, lile halikuwa sanduku, lilikuwa ngome. Bamba nene pande zote, mlango wenye bawaba tatu, kufuli mbili, rangi ya kijivu, na kitundu kidogo cha kupitishia waya. Akaichomelea ngome hiyo kwenye nondo za ukutani, ruta ikiwa ndani, na funguo akazitundika kiunoni. Tulipiga makofi. Bwana Tarlochan mwenyewe alipiga makofi. Tuelewane hapo: hii ni kampuni ya watu wa vyuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo la kukifungia ndani ya chuma kitu tunachokipenda. Ndiyo mapenzi tunayoyajua.

Baada ya hapo kompyuta ya Lilian ikaanza kugoma.

Lilian ni binti wa kijiji cha Akheri, aliyekuwa karani wa oda, wakati huo anakaa mapokezi, upande wa pili wa korido. Oda za mageti na madirisha zinaingia kwenye kompyuta yake kwa waifai, yeye anajibu bei na tarehe. Mpole, lakini ukimgusa anajibu. Asubuhi akafungua mashine, mtandao hakuna. Akaniita.

Hapo nilionyesha ufundi ambao vyuo havijaufikia. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilifuta mtandao kwenye kumbukumbu yake nikauunganisha upya. Nikaandika neno la siri polepole, halafu haraka, halafu nimefumba macho. Nikakagua kile kitufe chenye picha ya ndege, ambacho ukikigusa mashine inajitenga na dunia, nikamwambia Lilian, “Dada, unakigusa hiki.” Akasema hakigusi. Nikamwambia anakigusa bila kujua. Nikamwekea programu mpya za kadi ya mtandao, nikazitoa, nikazirudisha. Nikaenda korido nikachungulia kwenye kitundu cha ngome, taa za ruta zote kijani. Nikarudi na jibu la kitaalamu: ruta nzima, mwenye shida ni mtumiaji.

Ubaya ni kwamba kompyuta ya Bwana Tarlochan inatumia waya moja kwa moja. Kwake mtandao ulikuwa unapiga mbio kama bodaboda za stendi. Na sisi wengine waifai hatukuruhusiwa kuiweka kwenye simu zetu, bosi akijua tungeshinda kwenye mpira. Kwa hiyo katika kampuni nzima mtu mmoja tu alikuwa analia, na mtu mmoja akilia peke yake huitwa mvivu.

“Mbona kwangu inafanya kazi?” bosi alimuuliza.

“Bosi, njoo ukae hapa uone.”

“Lilian, mimi nikae mapokezi?”

Lilian mwenyewe ndiye aliyegundua ajabu ya Ijumaa. Akanivuta pembeni. “Arnold, Ijumaa asubuhi inakubali. Mchana inakata. Kwa nini?”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia Ijumaa mawingu ya Meru yanapanda juu ya mnara. Keval akasema labda ni baraka za siku yenyewe, watu wengi wanaswali. Lilian hakucheka. Alisema tu, “Sawa. Kumbe mnajua.”

Halafu ikaja oda ya shule moja, mageti na madirisha ya mabweni mawili. Barua pepe iliingia Jumatatu. Lilian aliiona Ijumaa asubuhi, mtandao ulipofunguka, akajibu palepale. Shule ikasema asante, tumeshapata fundi mwingine. Bwana Tarlochan hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilitutisha. Alimwita Lilian ndani jioni hiyohiyo, na Lilian alipotoka alikuwa anafungasha kikombe chake.

Mimi nikahamishiwa kwenye kiti chake, nishike oda mpaka apatikane karani mwingine. Nikakaa kwa mbwembwe, nikageuza kiti mara mbili. Jumatatu mtandao hakuna. Nikasema ni mabaki ya Lilian. Jumanne hakuna, Jumatano hakuna. Alhamisi nikaanza kutokwa na jasho, maana kitufe cha ndege sikuwa nimekigusa, na mtumiaji sasa alikuwa mimi.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, nimeshika tama, mara mtandao huo, pa! Oda zikamiminika. Nikainuka kwa mshtuko nikapiga kelele, “Imeshika!” Kule korido Mzee Ludo, kopo la grisi mkononi, ametoka kufungua ngome yake ili apake bawaba. Kelele zangu zikamshtua naye, akaurudishia mlango.

“Imekata!” nikasema.

“Nini imekata?”

“Waifai. Ulikuwa unafanya nini hapo?”

“Nimefunga.”

“Hebu fungua.”

Akafungua. Ikashika. Akafunga, ikakata. Akafungua tena yeye mwenyewe, polepole, akinitazama usoni, nami nikaitikia kwa kichwa kwamba imeshika. Mawimbi hayapiti kwenye chuma! Ni sawa na kumfungia mtu ndani ya tangi ukamlaumu kwamba haitikii. Wiki zote zile. Mbele ya macho yetu, rangi ya kijivu, kufuli mbili.

“Kwa hiyo ni sanduku,” Mzee alisema.

“Mzee, tusiharakishe. Huenda ni unyevu, huenda ni...”

“Arnold. Ni sanduku.”

Nilidhani atakaa kimya. Nani angemuuliza? Mtu wa heshima zake, amebakiza miezi kwenda kwake, na binti ameshaondoka. Ningekuwa mimi ningepaka grisi na kupiga mluzi. Yeye aliweka kopo chini, akafuta mikono, akaingia kwa bosi bila kubisha. Mlango ulikuwa wazi, ni Ijumaa, sote tukasikia.

“Bosi, umemfukuza mtu asiye na kosa. Mkosaji mimi na chuma changu.”

Bwana Tarlochan alitoka akaja korido. Akafunga ngome, akafungua, akafunga. Nikimtazama alivyobadilika uso niliogopa ataanguka. “Napita hapa kila siku,” alisema. “Kila siku nasema, sanduku zuri.”

Kabla ya saa sita Mzee Ludo alishika grenda akaikata ngome ile kwa mkono wake, cheche zikiruka korido nzima. Jumatatu akaja na kisanduku kingine. Cha mbao! Kimepigwa randa, kimepakwa vanishi. Nilifungua mdomo niseme neno la ugali wa mchwa, akanikata jicho, nikaufunga.

Bosi alimpigia Lilian simu, haikupokelewa. Akamwandikia ujumbe kwamba kazi yake ipo na mshahara utaongezwa. Mzee Ludo akasema radhi haiombwi kwa simu. Jumapili baada ya misa akavaa koti lake la harusi za watu, akanichukua, tukapanda Akheri. Mama yake Lilian alitupokea vizuri, akatuwekea loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na Lilian akaja akamwamkia Mzee, mimi akanipungia tu.

Mzee alisimama. Umri ule, kwenye nyumba ya watu, mbele ya binti ambaye yeye amemzidi miaka kama arobaini, akavua kofia. “Mwanangu, nilitengeneza kitu kibaya nikakisifia. Kikakuumiza wewe. Nisamehe.” Mimi niliweka kijiko chini. Nimekulia mjini hapa, sijawahi kuona mzee akisema maneno hayo kwa mtoto wa mtu.

“Baba, kaa,” Lilian alimwambia. “Wewe nimeshakusamehe. Hukujua. Lakini pale sirudi.”

“Bosi ameongeza mshahara,” nikadakia.

“Nilisema kila siku, Arnold. Nikawaambia mpaka siku yenyewe inayokubali. Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa kwenye kile kiti, mpaka nilipotoka.” Kisha akamgeukia Mzee, akamwongezea chakula.

Tuliteremka. Maeneo ya Tengeru Mzee akaniambia, “Najua utapewa kuandika habari zangu. Na hili uliandike. Sifa tupu kamwandikie marehemu.”

Basi nimeandika. Mzee Ludo, kwa niaba ya karakana, ofisi, mlinzi na redio yake, tunakushukuru kwa mageti yasiyolia, kwa vijana uliowafundisha kushika moto bila kuogopa, na kwa Ijumaa zako za grisi ambazo sijui nani ataziweza. Ukafike Kibosho salama, migomba ikustawie, magoti yakutii, na wajukuu wakuache ulale mchana. Mungu akupe miaka mingine kama uliyotupa sisi.

Waifai siku hizi inashika siku zote za wiki, na mafundi wengine mjini wananiuliza siri, nami huwauzia. Shule ile imetupa oda nyingine. Mapokezi amekaa karani mpya, mpole pia. Lakini sherehe hii Lilian amealikwa na ameshasema haji, na sisi wengine, kuanzia bosi mpaka mimi, hakuna aliyepanda tena Akheri kusema yale aliyoyasema Mzee.