Goti Langu na Rafiki wa Jinja

Asalaam aleikum, na mulembe kwenu nyote wa kikundi chetu cha walioumia mliofika hapa Nkoma. Nilipoombwa kuzungumza nilisita, maana watu hupenda kumsikia mchezaji aliyeumia, akapona, akarudi uwanjani. Mimi sikurudi. Basi nitawaeleza ilivyokuwa.

Nimezaliwa Namatala, hapa hapa Mbale. Mpira wa pete niliuanza shuleni, na urefu wangu huu ukanifikisha kwenye timu moja ya Jinja, nikawa mfungaji. Ndugu zangu, nilikuwa naruka mpaka mabeki wanabaki kutazamana! Msimu ule watu walishaanza kusema nitaitwa timu ya taifa.

Asubuhi moja mazoezini niliruka pamoja na beki wetu, rafiki yangu niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. Nilitua kwa mguu mmoja, naye akaniangukia. Goti likalia kama ukuni mkavu unaovunjwa.

Nilipasuliwa. Daktari akaniambia, "Yangu nimemaliza, sasa kazi ni yako. Ukunje huo mguu kila siku, hata ukiuma. Ukiuacha, utakauka."

Nikarudi kwa mama, Mbale, nikalala nikitazama ukuta. Mama anakuja na maji ya moto: "Mwanangu, tukunje kidogo tu." Namjibu, "Niache, mama. Mguu huu wa nini tena?" Nawaambia, hakuna kinachonichoma moyo kama miezi ile. Laiti ningeweza kuirudisha!

Rafiki yangu alikuwa akija kutoka Jinja kunitazama. Mimi namwambia mama aseme nimelala. Hakukasirika. Aliketi barazani akimsaidia mama kuchagua mchele, nasikia sauti yake kupitia pazia, kisha anaaga na kwenda zake.

Siku moja mama akamuuliza, "Na mechi zenu zinaendaje?"

Akajibu, "Mama, mimi niliacha kucheza. Kila nikiruka namuona yeye pale chini."

Banange, jamani! Nilishika magongo nikatoka. Nilimkuta amekonda mpaka mifupa ya shingo imemtoka. Nikamfokea, "Wewe una magoti mawili mazima, unaachaje mpira?"

Akaniangalia. "Na wewe mguu ulitengenezwa, mbona huukunji?"

 Tulilia wote, na mama naye. Kisha rafiki yangu akakaa kwenye mkeka, akaweka kisigino changu mapajani mwake, akasema, "Haya. Vuta."

Nilipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Lakini tuliendelea, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Asipokuwepo yeye, mama anashika.

Ila nilikuwa nimechelewa. Goti linakunjika mpaka hapa tu, mnaona. Daktari alisema kama ningeanza mapema, pengine ningecheza tena. Hilo "pengine" naishi nalo.

Rafiki yangu alirudi uwanjani. Mimi nafundisha wasichana wa shule moja kule Nakaloke. Nasimama chini ya pete, naelekeza. Siku nyingine nafurahi kweli. Siku nyingine binti anaruka vizuri, nami nageuka pembeni nifute macho.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, ambaye nilimjibu vibaya na hakuacha kuchemsha maji. Namshukuru rafiki yangu, aliyekubali kukaa barazani kwa mtu asiyetaka kumwona. Nanyi wa kikundi hiki, mnaonisikiliza bila kunionea huruma, asanteni.

Zamani nilidhani mtu mwenye moyo ni yule anayetabasamu. Siku hizi kwangu ni yule anayefanya kazi ya leo, hata kama uso umevimba kwa machozi. Wewe dada uliyekaa karibu na mlango na magongo yako mapya, tangu nilipoanza kuzungumza nimekuona umeinamisha kichwa. Sitakuambia usilie. Lia, dada yangu. Lakini ukifika nyumbani leo, lia huku unaukunja huo mguu.