Risasi ya Maboksi ya Chai

Mbele ya duka la Obed Rideout, pale gati linapoishia, palikuwa na benchi ambalo kila mwenye kazi alilipita mbio na kila anayekimbia kazi alilikalia. Alhamisi ile ya mwezi wa sita, barafu ya mwisho ilikuwa imeshatoka mdomoni mwa ghuba na samaki wameanza kuingia, lakini benchi lilikuwa na watu. Alikuwepo mzee Azariah, waliyemwita Barometa kwa sababu goti lake lilitabiri hali ya hewa na kukosea kila mara. Alikuwepo Selby, waliyemwita Wakili tangu alipoitwa mjini siku moja kutoa ushahidi katika kesi ya kondoo. Na katikati yao alibanwa Heber Pardy, ambaye hakuwa na jina la utani, na alihofia kwamba kabla jua halijazama angekuwa nalo. Obed mwenyewe alisimama mlangoni na birika, akimimina chai nyeusi ya molasi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake Heber ndiye aliyewayeyushia watu wa ghuba risasi na kuwatengenezea visamaki vizito vyenye ndoana mbili, vile vinavyoshushwa baharini na kuchezwachezwa mpaka samaki wa kweli anase. Mzee alifariki majira ya baridi. Kalibu yake ya mawe, ile ya kumiminia risasi, ikabaki kwa Heber, lakini ujuzi mzee aliondoka nao, maana kila alipowasha moto alimtuma mwanawe msituni kutafuta kuni. Sasa wanaume tisa walikuwa wamemletea Heber risasi, yale mabati laini yanayotandikwa ndani ya maboksi ya chai, na wote walitaka visamaki kabla ya Jumatatu.

— Haya, Heber, visamaki vyetu viko wapi? Selby aliuliza.

— Vinakuja.

— Kwa miguu?

Heber akapuliza chai yake.

— Risasi ni chafu, Wakili. Nikiyeyusha, inafanya utando wa kijivu juu. Nauondoa kwa upawa, unarudi. Nauondoa, unarudi. Tangu Jumatatu. Nikimimina kwenye kalibu, kisamaki kinatoka na matundu kama mkate.

— Chai hiyo, Barometa alisema. Bati limekaa na chai miezi kwa miezi, limeinywa. Na chai haitoki kirahisi, bwana. Tazama meno ya Selby.

— Meno yangu yanahusu nini?

— Natoa mfano tu. Heber, sikiliza. Tumbukiza kiazi kibichi. Kitafyonza.

— Nilitumbukiza jana, mzee. Si wewe uliyeniambia?

— Ehe, ikawaje?

— Ikalipuka! Kiazi kina maji. Risasi iliruka mpaka kwenye boriti. Kofia yangu sasa siwezi kuivaa, inanivunja shingo.

Barometa akafikiri kidogo.

— Ulikimenya?

— Hapana.

— Ndiyo maana.

Selby akacheka mpaka chai ikamwingia puani. Alipopata pumzi, alikunja nne kama alivyowaona wakubwa wa mahakamani wakikunja.

— Tatizo si chai. Haya maboksi yametoka wapi? Mengine Uchina, mengine Seiloni. Risasi ya watu hawa haiwezi kukaa sufuria moja na ya wale. Zinagombana. Ule utando ni zile zilizoshindwa kesi, zinafukuzwa juu.

— Sasa nifanye nini, nizisuluhishe?

— Uzigande pamoja. Tia ulimbo wa msonobari. Selby akatoa donge mdomoni mwake. Chukua huu. Nautafuna tangu Jumapili, umeiva vizuri.

— Weka mwenyewe, Wakili.

— Nakupa kwa moyo mweupe!

— Nimeuona moyo wako, ni mweusi na una tumbaku.

Barometa hakukubali kushindwa na donge la mtu. Akasema kosa ni la bahari: utando huondolewa maji yakitoka, ukiuondoa maji yakijaa lazima urudi nayo. Selby akamuuliza kama sufuria ya Heber ina gati. Barometa akajibu kwamba hata damu ya mtu hupanda na kushuka na maji, sembuse risasi. Kisha akashusha sauti.

— Au ni marehemu baba yako mwenyewe. Hakutaka mtu aguse kalibu yake. Labda yuko pale anaichafua.

Hapo hakucheka mtu. Heber alitazama ndani ya kikombe chake. Wazo hilo lilikuwa limemjia hata yeye alfajiri ile, upawa wake ulipogonga chini ya sufuria mapema kuliko alivyotegemea. Maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Melina: risasi ya sufuriani ilikuwa inapungua.

Nyuma ya Obed, ndani ya duka, alikuwa amesimama mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Ni Drusilla Keeping, aliyehamia wiki iliyopita kutoka ghuba nyingine kuja kukaa na binti yake. Alikuwa amekuja kununua uzi tu. Akatoa kichwa mlangoni.

— Samahanini. Ulipoanza, risasi ilikuwa ratili ngapi?

— Thelathini, mama, Heber alisema.

— Na leo?

Masikio ya Heber yakapata moto.

— Kumi na moja.

— Kwa hiyo ule uchafu una ratili kumi na tisa?

Heber akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Uchafu gani huo, wenye uzito kuliko kitu chenyewe?

Barometa akashika goti. Selby akafungua mdomo, akaurudishia donge lake. Obed akainamisha birika kwenye kikombe cha Barometa, likatoa matone mawili na majani.

— Chai imekwisha, alisema, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Heber alimfuata mama yule mpaka darajani.

— Mama, ngoja. Risasi ni ya watu. Nitawaambia nini?

— Umetupa wapi ulichoondoa?

— Kwenye kabichi.

— Kakiokote. Ule utando si uchafu, mwanangu. Ni risasi iliyoungua juu kwa hewa. Mafuta huirudisha. Marehemu mume wangu alitia kipande cha mshumaa, akakoroga taratibu, akikwangua mpaka chini na pembeni. Itatoa moshi, uuwashe kwa njiti uwake. Kitakachobaki juu kama masizi makavu, hicho ndicho cha kutupa. Na kila unachotia kiwe kikavu. Boriti zako zimeshaona vya kutosha.

Heber na Melina walipiga magoti kwenye kabichi mpaka jioni, wakichota kijivu kwa koleo. Melina alisema maneno ambayo hakuyasema hata siku ya msiba. Wakakitandaza juu ya bati karibu na moto, na Ijumaa asubuhi, kilipokauka kabisa, Heber akafungua mlango na dirisha la banda, akayeyusha, akatia mshumaa.

Moshi ulipanda, ukawaka. Akakoroga. Ule uji wa kijivu ukaanza kulegea, ukatoa vitone vinavyong'aa, vitone vikashikana, vikazama. Akakwangua masizi juu yake, na chini akaiona risasi safi kama kioo, na ndani yake uso wake mwenyewe na nywele zilizosimama.

Lakini kilichomfanya aweke upawa chini kilikuwa ile harufu. Ndiyo harufu ya koti la baba yake. Ghuba nzima ilimsifu mzee kwa ucha Mungu, kwamba hata siku za wiki alinukia mishumaa ya kanisani. Heber alikaa juu ya gogo akacheka, kisha macho yakamlowa, akayafuta kwa mkono mbali na sufuria.

Jumamosi watu tisa walipata visamaki tisa, vizito, visivyo na tundu. Barometa alisema aliona kazi ya kiazi. Selby alisema ulimbo. Heber akawaitikia wote wawili. Cha kumi kilikuwa chake, lakini kabichi zilikuwa zimebaki na haki yao, na risasi haikutosha: kisamaki kikatoka bila mkia.

Jumatatu alikishusha hivyo hivyo, na mashua yake ikarudi imejaa mpaka ukingoni, kuliko zote.

Jumanne alipofika benchini, Barometa alikuwa anaeleza kwamba mkia ndio unaowatisha samaki, jambo ambalo goti lake lilikuwa linajua siku zote. Kando yake Selby alikuwa na msumeno mkononi na kisamaki chake amekibana katikati ya magoti, vumbi la risasi likimwagikia viatu.

— Heber, wewe ndiye fundi, alisema bila kuinua kichwa. Nikate hapa, au juu kidogo?

Heber akakaa katikati yao, akamsogezea kikombe Obed, aliyekuwa mlangoni na birika.