Mzee Njau na Swali la Pipa

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mvua ya masika ilipoanza kunyesha Kamenu, Thika, ndipo Mungu alipowajalia Mzee Kagwe wa Muigai na Mama Nyagaki mtoto wao wa pili. Wakamwita Njau. Alipobatizwa akaongezewa jina la Ezra. Wazazi wake wote wawili wametangulia mbele za haki.

Ezra Njau alianza shule ya msingi papo hapo Kamenu mwaka wa 1964, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1970, kisha akaendelea katika shule ya upili ya harambee hadi kidato cha nne mwaka wa 1974. Hesabu alizipenda kuliko mpira. Mamake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitumwa maziwa nusu lita, akarudi mikono mitupu, akasema mwenye duka ana kikombe cha kupimia kilichobonyea. Alichapwa, lakini jioni mamake alienda akakitazama kikombe, akakuta ni kweli.

Mwaka wa 1976 aliajiriwa na shamba kubwa la kahawa huko Ruiru, akawa karani wa stoo ya mbolea na dawa kwa miaka thelathini na mitatu, hadi alipostaafu mwaka wa 2009. Hapo shambani ndipo alipokutana na Beth Wamboi, aliyekuwa akichagua kahawa. Ruracio, yaani mahari, ilipelekwa kwa kina Beth, Ngoingwa, mwezi wa Desemba 1985, na wakafunga ndoa kanisani tarehe 19 Aprili 1986. Pamoja na mbuzi na blanketi, Njau alimpelekea mama mkwe wake, Cucu Kanini, pipa la chuma la kukingia maji ya mvua. Alipewa ruhusa kuchukua moja kati ya mapipa yaliyorundikwa nyuma ya stoo. Alilichoma kwa mabua, akalisugua kwa jivu na sabuni mpaka likang'aa. Wakati huo Ngoingwa hakukuwa na maji ya mfereji, na pipa lile lilisifiwa na wageni wote.

Mungu aliwabariki na watoto watatu: Eddie mwaka wa 1987, Emmah mwaka wa 1988, na Mumbi mwaka wa 1990. Kwa sababu Beth alirudi kazini mapema, Mumbi alilelewa kwa bibi yake, Cucu Kanini, Ngoingwa. Mwezi wa Julai 1993 alishikwa na homa, na baada ya siku nne akafariki. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Familia ililia, ikamzika, ikamshukuru Mungu kwa miaka mitatu aliyowapa.

Baada ya kustaafu, Mzee Njau alijenga Kiganjo, akadhani sasa ni kulima sukuma na kuimba katika kwaya ya wazee. Lakini mwaka wa 2015 walikuja watafiti. Walikuwa kundi la vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Uswidi na Japani, wakichunguza namna dawa za mashambani zinavyoathiri afya za watu, maji na udongo kati ya Ruiru na Thika. Aliyewaongoza upande wetu alikuwa Daktari Apiyo. Walihitaji mtu anayejulikana vijijini, na kasisi akawaelekeza kwa Mzee Njau.

Wiki ya kwanza tu aliwapata na kosa. Wakulima walikuwa wakiulizwa wanatia dawa kiasi gani kwa pampu moja, nao wakijibu, "Kifuniko kimoja," na watafiti wakiandika mililita kumi kwa kila mmoja.

"Daktari, ni kifuniko cha chupa gani?" Mzee akauliza.

"Kwani vinatofautiana, Mzee?"

"Mama yangu, vinatofautiana kama watu!"

Alivaa glavu, akazunguka Ruiru, Kiganjo, Kamenu na Ngoingwa akiokota vifuniko, akaviosha, akavipima kimoja kimoja kwa sindano isiyo na ncha. Vilikuwa sabini na kimoja. Kidogo kabisa kilibeba mililita tano, kikubwa kabisa ishirini na tano. Kule Uswidi na Japani ilibidi hesabu zirudiwe kuanzia mwanzo. Vijana wa boda boda walimbandika jina la Mzee Vifuniko, na mmoja wao, Byron, kila akimwona alipaza sauti, "Guka, leo umekunywa chupa ngapi?" Naye akimjibu, "Nusu. Nyingine nimekuwekea wewe." Jina lake lilichapishwa katika ukurasa wa shukrani wa ripoti, na Emmah akaufanyia fremu.

Basi mwezi wa Oktoba 2016 kulikuwa na semina Ruiru. Mtafiti mmoja alionyesha picha ukutani: pipa la dawa lililooshwa likageuzwa la maji ya kunywa. Akaeleza kwamba pipa la namna hiyo haliishi sumu hata lioshwe mara mia, na kwamba anayedhurika upesi ni mtoto mdogo. Watu wakaandika. Mzee Njau aliweka kalamu chini.

Alijaribu kukumbuka nyuma ya ile stoo kulikuwa na mapipa gani. Mengine yalikuwa ya dawa ya wadudu, mengine ya vitu vingine. Lile alilochukua halikuwa na karatasi ya jina, na rangi yake aliichoma mwenyewe. Cucu Kanini alikuwa amefariki mwaka wa 2006, na hata angekuwa hai, mkwe hamuulizi mama mkwe mambo ya maji yake ya kunywa. Kwa muda wa karibu miaka miwili Mzee alibeba swali moja, bila kumwambia mtu: je, ni yeye aliyemuua Mumbi? Aliacha kuimba. Beth alidhani ni uzee.

Mwezi wa Agosti 2018 alishindwa kuvumilia, akamwambia Daktari Apiyo. Daktari hakumfariji kwa maneno matupu. Alimuuliza, "Pipa liko wapi?" Lilikuwa limepasuliwa katikati likawa hori la ng'ombe kwa shemeji yake Muigai, ndugu wa Beth, Ngoingwa. Ndipo ikabidi Beth aambiwe, maana huwezi kwenda kukwangua hori kwa wakwe na mke wako hajui.

Beth alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Eddie, hili pipa unalosema ni lile lililojaa sisimizi?"

"Sisimizi gani?"

"Wacha! Maitu alilalamika mwezi mzima! Alisema mkwe amemletea pipa na sisimizi wake. Walikuwa wanapanda mstari kutoka kwa mlango wa jikoni. Sasa wewe niambie, hiyo ni sumu gani inaalika sisimizi karamu?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, na ulikuwa umeng'aa hivyo na zawadi yako? Na wewe, miaka miwili unalala kando yangu na hili jambo, mbona hukuniuliza?"

Daktari Apiyo alipoelezwa alicheka hadi akatoa miwani, lakini akasema sisimizi hawatoshi kuwa mashahidi. Wakakwangua chini ya mkunjo wa kitako cha pipa, mahali ambapo maji na jivu havikufika. Vipande vikatumwa Nairobi, Kampala na Uswidi, bila maabara yoyote kuambiwa ni vya nini, ili moja ikikosea, nyingine ziisahihishe. Nambari iliyopigwa kwenye chuma ikafuatwa hadi kiwanda kilichotengeneza mapipa hayo.

Barua ilifika Ijumaa, tarehe 22 Machi 2019. Maabara zote tatu hazikukuta dawa yoyote ya shambani, na kiwanda kilijibu kwamba mapipa ya nambari hiyo yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa molasi, yale masazo matamu ya miwa wanayolishwa ng'ombe. Daktari Apiyo aliisoma barua hiyo sebuleni Kiganjo, akaikunja, akasema, "Mzee, yule daktari wa mwaka wa tisini na tatu alikuambia ukweli. Ilikuwa ni homa."

Mzee alitoka nje, akasimama kati ya mistari ya sukuma, akalia kwa sauti. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba. Beth akawaambia, "Rudini nyumbani. Hapa leo hakuna aliyekufa." Jumapili iliyofuata Mzee alirudi kwenye kwaya.

Tangu hapo, katika kila semina, alisimama akasimulia habari hii bila kujificha. Aliwaambia watu watoboe mapipa ya dawa wasiyatumie, kwa maana yeye aliokolewa na neema ya Mungu, si kwa akili zake. Na aliwaambia wanaume wawaulize wake zao.

Mwezi wa Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa katika hospitali moja mjini Thika, akawa anaingia na kutoka, na nyumbani akitunzwa na Beth na Emmah. Wiki chache kabla ya kulala alimwambia mkewe, "Mama Eddie, zamani nilikuwa naogopa kufa. Nilikuwa najiuliza, nikikutana na Mumbi nitaanza kumwambia nini. Sasa siogopi." Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, baada ya kunywa uji na kuombewa, alivuta pumzi ya mwisho nyumbani kwake Kiganjo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Familia ina majonzi, lakini tunaliona kaburi hili bila uchungu, kwa kuwa Mungu alimpa jibu akiwa hai.

Amemwacha mjane wake, Beth Wamboi, wanawe, Eddie na Emmah, mkaza mwana, Nafuna, wajukuu wanne, ndugu zake watatu, shemeji yake Muigai, kwaya ya wazee, na wenzake wa utafiti, ambao baadhi yao wametuma rambirambi kutoka mbali.

Bwana ampe pumziko jema na lisilo na hofu. Na wewe Mumbi, mpokee baba yako.